"UTI sugu" isiyosikia dawa huenda si UTI

Swali: "Nina miaka 29, mtoto mmoja, naishi Morogoro. Tangu mwaka jana naambiwa nina UTI sugu. Nimepima mkojo mara nne na kila mara cheti kinaandikwa pus cells. Nimemeza sipro, nikapewa azithromycin, nikachomwa na sindano za siku tano. Nikimaliza dozi napata nafuu kama wiki, kisha naanza kuwashwa na kutokwa na uchafu mweupe mzito. Nikitumia dawa ya fangasi muwasho unaisha, lakini baadaye inaanza harufu ya shombo, hasa nikitoka kukutana na mume wangu. Halafu nasikia moto nikikojoa, tunarudi kulekule kwenye UTI. Nimeshauriwa nijisafishe ndani kwa maji ya ndimu na kitunguu saumu. Nitumie dawa gani ya kumaliza kabisa?"

Dada, ukiisoma tena barua yako taratibu utaona hujaeleza ugonjwa mmoja uliokataa kupona. Umeeleza magonjwa matatu yanayopokezana zamu, na dawa ya huu ndiyo inayoufungulia ule mlango. Ndiyo maana hakuna jina moja la dawa la kukutajia. Kinachotakiwa ni kujua uliopo leo ni upi, kuutibu huo kwa dozi yake kamili, na kuacha mambo yanayoukaribisha mwingine. Tena inawezekana kabisa kwamba UTI, ambayo ndiyo imetibiwa mara nyingi kuliko yote, haikuwepo, au ilikuwepo mara ya kwanza tu.

Moto unaunguza wapi?

Anzia hapo, maana hapo ndipo wengi wanapokosewa. UTI ya kibofu hutokea bakteria, mara nyingi E. coli wanaoishi kwenye utumbo, wanapoingia kwenye mrija wa mkojo na kupanda hadi kibofuni. Mrija huo kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu, na mdomo wake uko jirani na uke na njia ya haja kubwa. Moto wa UTI unasikika ndani, mkojo ukiwa bado unapita. Pamoja nao unabanwa ghafla, unakwenda chooni kila baada ya muda mfupi na mkojo unatoka kidogo, chini ya kitovu panauma, na mara nyingine mkojo unakuwa na ukungu au damu. Ukeni panakuwa kimya: hakuna muwasho, hakuna uchafu mpya, hakuna harufu. Mwanamke mwenye moto na kukojoa mara kwa mara, asiye na uchafu wala muwasho ukeni, uwezekano wa kuwa na UTI unapita asilimia 90. Akiwa na uchafu na muwasho, uwezekano huo unashuka sana, na inabidi ukeni pakaguliwe kwanza.

Moto wa pili ni wa nje. Mkojo wenyewe ni mzima, ila unapita juu ya mashavu ya uke yaliyovimba kwa fangasi au kuchubuka kwa kujikuna, basi unachoma. Huendi chooni mara nyingi kuliko kawaida, na unaweza kuonyesha kwa kidole mahali panapouma. Njia rahisi ya kujichunguza ni kukojoa huku ukijimwagia maji ya uvuguvugu kwa mbele kwa kutumia kopo. Kama moto unapungua sana, shaka iende kwenye ngozi. Hicho si kipimo cha maabara, lakini ni maelezo ambayo daktari anaweza kuyafanyia kazi. Ukiona malengelenge au vidonda vidogo vyenye maumivu makali, hiyo ni habari nyingine, huenda ni hepesi, ugonjwa wa zinaa wa virusi, na vinatakiwa kuonwa vikiwa bado vibichi.

Cheti cha maabara kinasema nini hasa

"Pus cells" ni seli nyeupe za damu, zile zinazokwenda penye uvimbe. Ukeni kukiwa na trikomonasi (kimelea cha zinaa) au fangasi, seli hizo zinajaa kwenye ute, na mkojo ukipita juu ya ute unazizoa na kuzipeleka kwenye kikombe. Maabara inaziona, cheti kinaandikwa, na wewe unaandikiwa dawa ya kibofu.

Chukua vyeti vyako vinne, tazama mstari wa "epithelial cells". Hizo ni seli za ngozi, nyingi zikitoka ukeni na kwenye mashavu ya uke. Zikiwa chache, mkojo ulikingwa vizuri. Zikiandikwa nyingi, kikombe kilichanganyika na ute, na zile pus cells hazikwambii lolote la uhakika kuhusu kibofu. Hata neno "bacteria" lenye alama za kujumlisha mbele yake lina tatizo hilohilo.

Kijiti cha kuchovya kinachosoma nitriti kinasaidia zaidi, lakini nacho kina masharti. Nitriti ikiwa chanya, na dalili za kibofu zipo, bakteria wa jamii ya E. coli karibu hakika wamo. Ikiwa hasi haiondoi UTI, kwa sababu bakteria wanahitaji mkojo ukae kibofuni kama saa nne ndipo waitengeneze nitriti ya kuonekana. Sasa mtu mwenye UTI anayekwenda chooni kila nusu saa, hizo saa nne atazitoa wapi? Ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio unaopendekezwa.

Namna ya kuukinga ni hivi. Nawa kwa maji safi, bila sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, ujikaushe. Kama una uchafu mwingi, ziba mlango wa uke kwa kipande cha pamba safi, na ukitoe mara ukimaliza. Tanua mashavu ya uke kwa vidole viwili vya mkono mmoja na usiyaachie mpaka mwisho. Mkojo wa mwanzo uende chooni. Bila kuukata, ingiza kikombe katikati ya mkondo, kinga mililita 20 hadi 30, kitoe kabla mkojo haujaisha. Vidole visiguse ndani ya kikombe wala ndani ya kifuniko. Kikombe kifike maabara ndani ya saa moja, isizidi mbili. Kwenye joto letu bakteria wachache wa ngozi waliodondokea humo wanazaliana haraka, na cheti kitawaonyesha kana kwamba walitoka kibofuni. Kama maabara iko mbali, kiweke kwenye friji, siyo kwenye sehemu ya kugandisha, na kisipite saa 24.

Kwa mtu aliyeshatumia dozi tatu kama wewe, kuangalia mkojo kwa hadubini peke yake hakutoshi tena. Omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara ili wajulikane, kabla hujameza antibiotiki nyingine yoyote. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu. Yakionyesha bakteria wa aina moja, 100,000 au zaidi kwa mililita, na una dalili za kibofu, hiyo ni UTI. Chini ya jina la bakteria kunakuwa na orodha ya dawa zenye herufi: S maana yake dawa hiyo inamuweza, R maana yake ameshaizoea. Yakionyesha mchanganyiko wa bakteria wa aina nyingi, kikombe kilichafuka. Rudia, usitibiwe kwa cheti hicho. Yakionyesha hakuna kilichoota, na bado unaungua, kibofu kimeshatolewa kwenye mashtaka, kinachobaki ni uke na mlango wa kizazi. Klamidia na kisonono vinaweza kuunguza mrija wa mkojo, navyo havioti kwenye kipimo cha kawaida cha kuotesha mkojo.

Jambo moja zaidi kuhusu kuotesha: mwanamke asiye mjamzito, asiye na dalili yoyote, akikutwa na bakteria kwenye mkojo hatibiwi. Kumtibu hakumpi faida, kunafuga usugu tu. Mjamzito yeye anatibiwa hata kama hasikii kitu, kwa sababu kwake bakteria hao hupanda kwenye figo kirahisi.

UTI ikithibitika

Kwa kibofu pekee, kwa mwanamke asiye mjamzito, dawa ya kwanza ya maana ni nitrofurantoin: 100 mg mara mbili kwa siku kwa siku 5 kama ni ile inayoyeyuka taratibu, au 50 mg mara nne kwa siku kwa siku 5 kama ni ya kawaida. Imezwe pamoja na chakula, maana kwenye tumbo tupu inatia kichefuchefu na haifyonzwi vizuri. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia usiogope. Isitumiwe na mwenye figo zilizochoka sana, mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu), wala mjamzito aliyekaribia kujifungua. Nyingine ni fosfomycin, unga wa gramu 3 unaokorogwa kwenye maji na kunywewa mara moja tu, tumbo likiwa tupu, vizuri usiku baada ya kukojoa.

Sipro inapendwa madukani kwa sababu ilikuwa kali kweli, na kwa kupendwa huko bakteria wengi wameshaizoea, kama walivyoizoea amoxicillin na co-trimoxazole. Pia inaweza kuumiza kano, hasa ile ya kisigino, kwa hiyo si dawa ya kujaribia bahati. Sindano za ceftriaxone ni za figo na maambukizi mazito. Ukiwa na homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ubavuni chini ya mbavu au kutapika, hapo maambukizi huenda yamefika kwenye figo, na ni hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna ugonjwa ambao mara nyingi unapita bila kufikiriwa: kichocho cha mkojo. Kipo ukanda wa pwani, Unguja na Pemba, Kanda ya Ziwa na penginepo ambako watu huoga, hufua au hulima kwenye maji ya mito, madimbwi na mabwawa. Damu hutoka mwishoni mwa mkojo, na mayai yake yanaweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke yakaleta muwasho, uchafu na damu baada ya tendo la ndoa, hali inayofanana kabisa na magonjwa ya zinaa. Antibiotiki hazigusi kichocho. Mkojo wa kutafutia mayai unakingwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na hapa ni ule wa mwisho ndio unaotakiwa. Dawa ni praziquantel, 40 mg kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mwambie daktari kama umewahi kuishi au kulima penye maji ya namna hiyo, hata kama ni utotoni.

Kwa nini fangasi huja baada ya dozi

Uke mzima una bakteria wake wa ulinzi, laktobasili, wanaotengeneza asidi na kuweka pH, yaani kipimo cha asidi, kati ya 3.8 na 4.5. Fangasi aina ya kandida nao wanaweza kuwepo kwa uchache bila kusumbua. Sipro na sindano hazichagui: zinaua wa kibofuni na hawa walinzi. Walinzi wakipungua, kandida anapata nafasi. Hiyo ndiyo wiki yako moja ya nafuu.

Fangasi wana dalili zao: muwasho mkali unaozidi usiku, wekundu, kuvimba, ute mweupe mzito ulioganda kama mtindi, na hauna harufu mbaya. Mtu akinusa shombo, huo si fangasi peke yake. Usichanganye pia na ute wa kawaida. Katikati ya mwezi unakuwa mwepesi na wa kuvutika, karibu na hedhi unakuwa mweupe kidogo, ukikauka kwenye chupi unaacha alama ya manjano hafifu. Huo hauna dawa kwa sababu si ugonjwa.

Tiba ni clotrimazole ya kuweka ukeni: kidonge cha 500 mg usiku mmoja, au 200 mg kwa usiku tatu, au 100 mg kwa usiku sita. Au fluconazole 150 mg ya kumeza mara moja. Zote mbili zinatibu kwa kiwango kinachokaribiana, hakuna haja ya kuzitumia pamoja. Ukiwa umevimba sana au kuchanika, kidonge kimoja cha fluconazole hakitoshi, cha pili humezwa baada ya saa 72. Muwasho huanza kupungua ndani ya siku mbili tatu na unaweza kuchukua wiki kuisha.

Kidonge cha ukeni mara nyingi hakifanyi kazi kwa sababu ya namna kilivyowekwa. Kinawekwa usiku wakati wa kulala, ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, kwa kidole safi au kile kisukumio cha plastiki kilichomo kwenye pakiti. Kiloweshe kidogo kwa maji kwanza, kikisukumwa kikavu hakiyeyuki. Kisukume ndani mpaka kidole chote kiingie. Kikiachwa mlangoni kitadondoka asubuhi kikiwa kizima, na utadhani dawa haifai. Vaa pedi, maana mabaki meupe yatatoka. Usiweke siku za hedhi. Dawa hizi hudhoofisha kondomu za mpira, kwa hiyo usizitegemee siku za matibabu.

Fangasi wakirudi mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, kuna utaratibu wake: fluconazole 150 mg siku ya kwanza, ya nne na ya saba, kisha 150 mg mara moja kila wiki kwa miezi 6, chini ya daktari. Kabla ya hapo pimwa sukari na VVU. Kama kuna dawa za kisukari zinazotumika, zitajwe, kwa sababu dapagliflozin na empagliflozin humwaga sukari kwenye mkojo na kuwalisha fangasi. Kwako wewe, kabla hujaingia kwenye miezi 6, tungetaka kwanza uone mwaka wako unakuwaje bila sipro.

Ile harufu ya shombo

Shombo inayozidi baada ya kukutana na mume ni dalili inayojulikana sana ya vajinosisi ya bakteria, ambayo kwenye vyeti huandikwa BV. Laktobasili wamepungua, na nafasi yao imechukuliwa na bakteria wengine, akiwemo Gardnerella. Ute unakuwa mwepesi, wa kijivu au mweupe, umejipaka sawasawa kwenye kuta za uke, bila muwasho mkubwa. Shahawa hazina asidi kama uke, kwa hiyo zikichanganyika na ute huo zinazitoa gesi zenye harufu. Ndiyo maana inaanza pale pale.

Daktari anahitaji dalili tatu kati ya nne ili aite hali hiyo BV: ute wa namna hiyo, pH kupita 4.5 kwenye karatasi ya rangi, shombo kutoka ute ukidondoshewa potasiamu haidroksaidi, na seli zilizofunikwa na bakteria chini ya hadubini. Karatasi ya pH ni kipimo cha dakika moja na cha bei ndogo. Inasikitisha kwamba haipo kwenye vituo vingi, kwa sababu fangasi kwa kawaida hawapandishi pH. Peke yake tu ingewaokoa wanawake wengi na dawa zisizowahusu.

Tiba ni metronidazole 400 au 500 mg mara mbili kwa siku kwa siku 7. Vidonge vyetu vingi ni vya 200 mg, kwa hiyo ni viwili asubuhi na viwili jioni, jumla 28. Hesabu vidonge dukani kabla hujaondoka. Dozi ya siku tatu, au ile ya gramu 2 mara moja, inaondoa harufu kwa muda na kuuacha ugonjwa. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma, meza na chakula. Pombe iache mpaka siku mbili baada ya kumaliza. Mbadala ni krimu ya clindamycin ya asilimia 2, gramu 5 ukeni kila usiku kwa usiku 7, nayo hudhoofisha kondomu hadi siku 5 baada ya kuacha.

Shida ya BV ni kurudi. Zaidi ya nusu ya wanaotibiwa wanaipata tena ndani ya mwaka. Kwa miaka mingi wanaume waliachwa nje ya matibabu kwa sababu majaribio ya zamani, yaliyowapa vidonge tu, hayakuonyesha faida. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Australia lililowatibu wanaume kwa njia mbili pamoja: metronidazole 400 mg mara mbili kwa siku, na krimu ya clindamycin ya asilimia 2 ikipakwa kwenye uume mara mbili kwa siku, vyote kwa siku 7. Ndani ya wiki 12, BV ilirudi kwa asilimia 35 ya wanawake ambao wenzi wao walitibiwa, na kwa asilimia 63 ya wale ambao wenzi wao hawakutibiwa. Jaribio lilihusu watu wenye mwenzi mmoja. Ikithibitika una BV, mwombe daktari azungumze na mumeo kuhusu tiba hiyo, na mmeze siku zilezile.

Usimpe mtu sababu ya ugomvi nyumbani kwa jambo hili. BV kurudi si ushahidi kwamba mmoja wenu ametoka nje.

Trikomonasi na vya mlango wa kizazi

Ute wa manjano au kijani, wenye povu, harufu na muwasho kwa pamoja, ni trikomonasi mpaka ipingwe. Huyu ni kimelea cha zinaa, anaonekana akitembea kwenye tone la ute chini ya hadubini, mradi maabara ilitazame ndani ya dakika 10 hadi 20, baadaye anakufa na kipimo kinasema hayupo. Mwanamke anameza metronidazole ileile ya siku 7. Mwanamume anatosha gramu 2 mara moja, na anatibiwa hata kama hasikii kitu, na wanaume wengi hawasikii kitu. Hakuna kukutana mpaka wote wamalize na dalili ziishe. Akiachwa mmoja, mwezi ujao utaandika barua hii tena.

Usaha unaotoka kwenye mlango wa kizazi, maumivu chini ya tumbo, maumivu ya ndani wakati wa tendo, au homa, vinaelekeza kwenye kisonono, klamidia au maambukizi ya via vya uzazi. Hapo usinunue dawa dukani. Na damu baada ya tendo la ndoa, au harufu nzito isiyosikia dawa, inataka mlango wa kizazi uangaliwe kwa ajili ya saratani, na pia kuhakikisha hakuna pamba au kitambaa kilichosahaulika ndani.

Ndimu, kitunguu saumu na mengineyo

Usitie. Asidi ya ndimu ni kali kuliko ile ya uke kwa mbali sana, inachubua. Punje ya kitunguu saumu inaunguza ngozi ya ndani, na uke uliochubuka hupokea VVU kwa urahisi zaidi. Siki, ugoro, sabuni, maji ya magadi na vile vifurushi vya mitishamba vya kusafisha kizazi vinavyouzwa mitandaoni vina kosa moja la pamoja: vinawaosha laktobasili. Kujisafisha ndani ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa wazi na BV, halafu BV inaleta harufu, na harufu inamfanya mtu ajisafishe zaidi. Ngozi inayobanduka baada ya kutumia vitu hivi watu huonyeshwa kama "uchafu uliotoka". Ni ngozi yao.

Nje pasafishwe kwa maji, basi. Kutawaza kwa maji hakuna ubaya wowote, tatizo ni mwelekeo: mbele paoshwe kwanza, nyuma baadaye, mkono usirudi mbele. Udi fukiza nguo, usiukalie. Na choo cha kuchangia hakikupi UTI, maneno hayo yamewatesa wanawake wa nyumba za kupanga bila sababu. Wengine hubana mkojo siku nzima wakikwepa choo cha jirani, jambo ambalo ndilo baya kwa kibofu.

Kwa mwenye UTI ya kweli inayojirudia, yaani mara mbili ndani ya miezi 6 au tatu ndani ya mwaka, maji yanasaidia. Wanawake waliokuwa wakinywa kidogo, wakaongeza lita 1.5 kwa siku, walipata UTI karibu nusu ya wenzao. Kojoa baada ya tendo la ndoa, na acha jeli za kuua mbegu. Waliokoma hedhi wana sababu tofauti, ukavu wa uke kwa kupungua homoni ya estrojeni, na krimu ya estrojeni ya ukeni huwasaidia.

Wewe uanzie hivi

Usimeze chochote kwanza, isipokuwa ukipata zile dalili za figo au maumivu ya tumbo yenye homa. Nenda kituo cha afya au hospitali yenye maabara siku ambazo dalili zipo na hedhi haipo, ukiwa umeacha dawa za ukeni kwa siku mbili tatu, na hamjakutana usiku wa jana yake. Usiseme "nina UTI sugu", kwa sababu ukisema hivyo utapewa kikombe cha mkojo. Sema una uchafu, muwasho na shombo vinavyopokezana, na unaomba kukaguliwa ukeni kwa kifaa cha kutanulia na ute kuangaliwa kwa hadubini. Mkojo uoteshwe siku hiyohiyo. Pimwa pia VVU, kaswende, sukari na mimba. Beba vyeti vyote vinne na karatasi yenye majina ya dawa ulizotumia na miezi uliyozitumia.

Kikionekana zaidi ya kimoja, jambo la kawaida kabisa, BV au trikomonasi hutibiwa kwa siku 7 na fangasi kufuatia au pamoja, daktari akijua metronidazole nayo inaweza kuwaamsha fangasi. Mkojo unasubiri majibu ya kuotesha. Na kama kuna uwezekano wa mimba, au bado unanyonyesha, sema kabla dawa haijaandikwa: kwenye mimba sipro, doxycycline na fluconazole hutolewa kwenye orodha, fangasi hutibiwa kwa clotrimazole ya 100 mg kwa usiku 7, na UTI hutafutiwa dawa kama cefalexin.